Kufuli Lenye Rangi ya Kucha

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia sabuni kabla ya kulisoma, shauri yako. Lakini mimi si mchoyo. Sogea, nitakueleza mara moja tu.

Tulimwacha Shazia chini ya kihenge cha mwisho, kile kirefu kuliko vyote pale kiwandani, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kijani. Ndani ya kihenge, mahindi yalikuwa yamemmeza msimamizi mkuu mpaka kiunoni. Kitufe kile kikibonyezwa, mlango wa chini unafunguka, mkanda unaanza kukimbia, mahindi yanashuka, na chochote kilichosimama juu yake kinashuka nayo.

Shazia ni mshonaji wa magunia. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya shazia, ile sindano ndefu ya chuma isiyombanduka kiunoni. Msimamizi jina lake alijipa mwenyewe. Alijiita Injini. "Bila mimi hapa hakuna kinachozunguka!" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi, ya mchana na ya kuagana.

Sasa sikiliza habari ya kufuli. Anayeingia ndani ya kihenge kuvunja mahindi yaliyogandamana hufunga kwanza swichi kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo huingia nao mfukoni. Maana yake, nimo ndani, asiwashe mtu. Kufuli la kaka yake Shazia lilikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha. Shazia ndiye aliyelipaka siku kaka alipoanza kazi, wote wawili wakicheka, eti hata likipotea litarudi nyumbani limejipamba.

Siku kaka alipozama, Injini alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Hakufunga kufuli. Uzembe wake ndio uliomuua." Akaongeza kwamba yeye Injini ndiye aliyemfukua kwa mikono yake. Picha yake ikabandikwa getini kama ya shujaa. Tangu hapo kila mfanyakazi mpya huambiwa, usije ukawa kama yule mzembe.

Shazia aliletewa nguo za kaka yake, na ndani ya mfuko wa suruali akakuta ufunguo. Akauvaa shingoni. Na leo asubuhi, akitafuta uzi wa magunia kwenye kabati la Injini, akalikuta kufuli lenyewe. Lilikuwa limekatwa shingo, doa jekundu bado linang'aa. Akaingiza ufunguo. Ukazunguka.

Haya, sasa unajua anachokijua Shazia. Turudi kwenye kitufe.

"Nani yuko chini?" Sauti ya Injini ilitoka kwenye redio ya ukutani, kando ya swichi.

"Ni mimi, bosi."

"Mimi nani? Watu hapa ni wengi. Injini ni mmoja."

"Shazia."

Na mtu huyo, msomaji wangu, mahindi yakiwa kiunoni, akacheka!

"Ah, mama magunia! Afadhali. Kimbia mizani uwaambie walete kamba. Waambie Injini anafanya mazoezi ya uokoaji. Usiseme nimezama. Umesikia? Sema mazoezi."

Aliingiaje mle? Usicheke. Alikwenda kujipiga picha. Ile ya getini ilikuwa imepauka kwa jua, akataka mpya, amesimama katikati ya mahindi mikono kiunoni. Akangoja watu waende mapumziko, akapanda peke yake, bila kamba, bila kufuli. Siku zote alisema makufuli ni ya waoga, na kwamba yeye hukanyaga mahindi kama zulia la sebuleni kwake. Zulia likapasuka. Chini ya lile ganda la juu palikuwa patupu.

"Waite mwenyewe," Shazia alisema. "Redio unayo begani."

"Nimewaita. Wanatafuna tu."

Ni kweli aliwaita, na Shazia alisikia kila neno kwenye redio ya ukutani. Injini alipopiga kelele kwamba anazama, mtu mmoja wa mizani ya malori alijibu huku mdomo umejaa chakula, "Leo bosi anazama! Na jana aliungua!" Wenzake wakaangua kicheko. Wakapunguza sauti ya redio mpaka mwisho, kama walivyozoea. Jana Injini alikuwa ametangaza moto ili aone watakavyokimbia, na walipokimbia akawaita kuku. Juzi alitangaza kwamba mkanda umemkata mkono, kumbe amekaa ofisini na miguu yake juu ya meza. Watu wana masikio, lakini pia wana kiasi.

Shazia akalitoa kufuli mfukoni. Akagonga nalo ubavu wa kihenge. Ngo. Ngo. Ngo.

"Unasikia hiyo?"

"Unafanya nini? Acha upuuzi!"

"Nabisha hodi. Kwa kufuli."

"Kufuli gani?"

"Lenye rangi ya kucha."

Zilisikika feni za kukaushia nafaka tu, zikinguruma upande wa pili wa ua.

"Nililiokota," Injini alisema hatimaye.

"Lilikuwa kabatini kwako."

"Nililitunza. Kama kumbukumbu. Dada, wewe hujui tu, kaka yako nilimpenda sana."

Heri angetukana. Heri angemwita kila jina baya analolijua. Shazia alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni.

"Usimtaje!" alifoka. "Mama yangu haendi tena sokoni kwa sababu yako. Akipita, watu wanasema yule ni mama wa mzembe. Mama aliyetulea peke yake, aliyetufundisha kufunga mlango mara mbili kabla ya kulala! Na wewe umebandikwa getini unatabasamu!"

"Punguza sauti, mwanamke. Unajua unaongea na nani?"

Kidole kikabonyeza.

Sikwambii alipanga. Hakupanga. Mashine ilishtuka, mkanda ukalia, mahindi yakatoa mvumo mzito, na kutoka redioni ukaja ukelele ambao Shazia hakujua koo la Injini linaweza kuutoa. Akakipiga kitufe chekundu kwa kiganja kizima. Mashine ikazima.

Ilikuwa muda wa kupiga chafya tu, haikuzidi hapo. Lakini mahindi yalikuwa yamefika kifuani.

Shazia alikitazama kidole chake. Aliogopa, naam. Lakini ukweli usemwe, ilikuwa tamu. Utamu huo ndio uliomtisha kuliko yote.

"Niliamuru likatwe!" Injini alikuwa akilia sasa. "Niliamuru likatwe, basi! Malori yalikuwa yamejaa barabara nzima, mkurugenzi ananipigia simu kila mara, na mimi nilishamwahidi kwamba kabla ya jua kuzama ua utakuwa mweupe. Nikamwambia Injini hashindwi. Ningemwambia nini? Kwamba nasubiri kijana mmoja amalize kuvunja mabonge?"

"Ulijua yumo ndani?"

Injini akakohoa vumbi.

"Nakuuliza! Ulijua yumo?"

"Kufuli lilikuwepo," Injini alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Kufuli likiwepo, mtu yumo."

Shazia aliegemea ubavu wa kihenge. Hayo ndiyo maneno aliyoyatafuta tangu mazishi. Na ameyapata. Lakini nani mwingine ameyasikia? Watu wa mizani wamefunga masikio. Madereva wamelala ndani ya malori yao. Ameyasikia yeye tu, dada wa marehemu, na neno la dada wa marehemu watalitupa jalalani kabla hajamaliza kulisema.

Hapo ndipo alipouona mtego. Injini akifia mle, atakufa shujaa. Picha nyingine itabandikwa getini, kubwa kuliko ya kwanza, na safari hii itawekewa maua. Watasema alikufa kazini, Injini yule, dume lile. Na kaka atabaki mzembe mpaka mwisho wa dunia.

Alitaka kumuua na alilazimika kumwokoa.

"Shetani wewe," alisema redioni. "Usitikisike hata kidogo. Ukifurukuta unazama zaidi. Nakuja."

Wanawake wa magunia hawapewi makufuli, eti hawaingii vihengeni. Shazia akachomoa sindano yake kiunoni, akaipitisha kwenye tundu la swichi, pale linapopita kufuli. Chuma kwa chuma. Akaivuta. Swichi haikucheza.

"Mama watoto?"

Alikuwa mumewe, fundi umeme wa kiwanda, na chombo chake cha chakula mkononi. Mtu mpole, asiyejua kupandisha sauti. Siku ya mazishi ya shemeji yake alilia kuliko wenye msiba, mpaka wazee wakamshika mikono.

"Nimesikia mashine imeshtuka. Kuna nini?"

Shazia alimweleza kwa pumzi moja, Injini, mahindi, kabati, kufuli. Mumewe alinyoosha mkono akalichukua lile kufuli lililokatwa, akaligeuza, akaliangalia doa jekundu. Kisha akalitia mfukoni.

"Amesema nini?" aliuliza.

"Amekiri, baba watoto! Amekiri kwa mdomo wake! Tukimtoa mzima atakiri mbele ya watu."

Mumewe alijifuta uso kwa mkono wa shati. Joto lilikuwa kali.

"Simama hapa," Shazia alimwambia. "Asiguse mtu swichi, hata mkurugenzi mwenyewe. Halafu waite watu wa mizani. Wewe watakusikiliza."

"Panda, mke wangu. Mimi nipo."

Akachukua kamba iliyotundikwa kando ya ngazi, akaitia begani, akapanda. Ngazi ya chuma ilikuwa imepikwa na jua, kila kipandio kikimchoma viganja. Hakujali. Alipofika juu alifungua mlango wa paa, akachungulia.

Injini alikuwa kichwa, mabega na mikono miwili tu. Vumbi la mahindi lilikuwa limempaka uso mzima, machozi yamechora njia mbili. Simu yake ilikuwa mbali kidogo, juu ya mahindi, bado imeelekezwa kwake.

"Tupa kamba! Tupa haraka!"

Shazia alitafuta kile kipete cha chuma cha kufungia kamba mlangoni. Hakukiona. Palikuwa na alama tu mahali kilipokuwa.

"Kipete kiko wapi?"

Injini alifumba macho. "Nilikiondoa. Kilikuwa kinanichania suruali."

Nakuapia, msomaji, kama ningekuwa mimi ningeteremka nikaenda kula. Lakini Shazia aliifunga kamba kiunoni mwake mwenyewe, fundo juu ya fundo, akatia miguu kwenye ukingo wa mlango, akajiegemeza nyuma kwa uzito wake wote. Kisha akatupa ncha ya pili.

"Ipitishe kwapani. Zungusha. Funga. Sitakuvuta, siwezi. Nitakushikilia usizidi kushuka mpaka watu waje watoboe ubavu wa kihenge."

Injini alijifunga. Kamba ikakaza. Na mara tu ilipokaza, ile pumzi ya zamani ikamrudia.

"Vizuri. Vizuri sana. Ujue Injini hasahau. Nikitoka hapa nakupandisha cheo. Utakuwa mkubwa wa washonaji wote."

"Weka cheo chako huko huko kwenye mahindi!" Shazia alisema kwa meno yaliyofungwa. "Ukitoka hapa utasimama getini. Utaibandua picha yako kwa mkono wako. Utasema, kaka yake huyu alifunga kufuli. Sema sasa, nikusikie."

"Alifunga kufuli."

"Tena!"

"Alifunga kufuli! Alifunga!"

"Na utamtaja aliyelikata. Uliamuru, sawa. Mkono wa kukata ulikuwa wa nani?"

Injini akatazama chini, kama anayeweza kuona kupitia kwenye mahindi.

"Nani yuko kwenye swichi?" aliuliza.

"Mume wangu. Yuko makini, usiogope."

Nimekwambia uso wa Injini ulikuwa umepakwa vumbi. Hata hivyo Shazia aliuona ukibadilika.

"Mtoe pale," alisema.

"Nini?"

"Mtoe pale! Dada yangu, nakuomba kwa jina la mama yako, mtoe!"

"Una wazimu?"

"Mkasi wa kukatia chuma, hapa kiwandani anao nani? Mtu mmoja tu! Nilimwambia kata. Akasema, bosi, hili ni la shemeji yangu, yumo ndani. Nikamwambia ameshatoka kwa upande wa nyuma, kata, ama kesho utafute kazi kwingine. Akalitazama lile kufuli. Alijua hajatoka, Shazia. Alilia. Lakini alikata."

Shazia alitaka kumwita mwongo. Neno lilikuwa tayari ulimini, maana Injini ni mwongo, dunia nzima inajua. Lakini neno halikutoka. Alikumbuka picha ya kaka aliyotaka kuitundika sebuleni, na mumewe akisema, isitundike, mke wangu, itakuliza. Alikumbuka kufuli likiingia mfukoni mwake sasa hivi. Alikumbuka kwamba alipoambiwa mtu anakufa, baba watoto hakuuliza kama yu mzima. Aliuliza amesema nini.

Watu wa mizani wako wapi? Uani hapakuwa na hata mmoja anayekimbia.

"Mama watoto."

Sauti ilitoka kwenye redio ya Injini, begani pake, ya upole kama ya mezani wakati wa kula.

"Mama watoto, teremka sasa. Sindano yako nimeichomoa. Nimeiweka pembeni isipotee."

"Usiguse!" Shazia alipiga kelele kuelekea chini. "Baba watoto, usiguse!" Lakini kutoka paani mpaka chini ni mbali, na feni zilikuwa zikinguruma.

"Watu wa mizani hawasikii," sauti iliendelea. "Nimewaita, wamepunguza redio. Bora hivyo. Teremka, mke wangu. Huyu akitoka, hatuna nyumba tena, watoto hawana baba. Mtu aliyemuua kaka yako yumo mle. Mwache alipo. Nahesabu kidogo tu upate nafasi ya kutoka mlangoni."

Shazia alishika fundo kiunoni. Lilikuwa limekazwa na uzito wa mwanamume mzima, gumu kama jiwe. Kucha zake ziliteleza juu yake.

Injini aliona. Na Injini, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusema neno redioni ila la kujisifu au la kudanganya, akakamata kitufe cha redio kwa mikono miwili akasema ukweli mtupu.

"Usiwashe! Mkeo amejifunga kamba! Ameifunga kiunoni mwake, kipete hakuna! Nikishuka mimi, anashuka na yeye! Unaua wawili! Nisikilize, fundi, naapa! Usiwashe!"

Redio ilikwaruza.

Kisha fundi umeme akacheka, kicheko kidogo cha uchovu.

"Jana ulisema kuna moto," alimwambia. "Juzi ulisema mkono umekatika. Siku ile ulisema shemeji yangu ametoka. Injini, Injini. Mpaka unakufa unaongopa?"

"Si uongo! Safari hii si uongo! Mwambie, dada! Mwambie!"

Shazia aliinama akapiga kelele kuelekea ile redio, kwa nguvu zote za kifua chake, lakini kitufe kilikuwa kimeponyoka vidoleni mwa Injini, na redio ikawa inasikiliza tu.

Chini, mkanda ukalia.

Mahindi yalianza kutembea, polepole, kutoka pembeni kwenda katikati. Simu ilizama ya kwanza. Injini akashuka kwa mkupuo mpaka kidevuni, kamba ikakaza, na miguu ya Shazia ikateleza ukingoni.

"Kata!" sauti ilimtoka Injini. Kisha, kwa pumzi hiyo hiyo, "Usikate! Dada yangu, usikate! Nitasema! Getini, nitasema yote!"

Kila mshonaji wa magunia ana kisu cha kukatia uzi. Shazia anacho chake mfukoni. Akikata, ataishi, na atarudi nyumbani kwa yule mtu wa chini, na kaka yake atabaki mzembe, maana kati ya vinywa viwili vingine vinavyoujua ukweli, kimoja kitakuwa kimejaa mahindi na cha pili hakitafunguka kamwe.

Mwili wake ulivutwa mpaka nusu ikaingia mlangoni. Chini yake macho ya Injini yalikuwa yamemkodolea, hayana majivuno hata chembe.

"Kaka," Shazia alisema, na hakuwa akimwita Injini.

Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye kamba. Wa pili ulikuwa umeshafungua kisu.